"Tumeelewaaa Ticha!"

Nipo hapa Malimbe, upepo wa ziwa unapuliza, na wiki ijayo tunaingia mazoezi ya kufundisha. Kabla sijazama kwenye maandalio ya somo, ngoja nitoe dukuduku langu.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kuna jamaa hosteli wanatutania sisi wa ualimu: "Nyie mnasomea kazi iliyokufa." Wengine wanajitetea kwamba mashine haijui Kiswahili. Jamani, hiyo hoja imechoka! Mwaka 2023 Jacaranda Health ya Kenya ilitoa UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyojengwa juu ya Llama ya Meta, kwa ajili ya kujibu maswali ya akina mama wajawazito. Lugha inajifunza. Shida ipo kwa binadamu mwenyewe, maana hasemi yote.

Chukulia salamu tu. Pita Mwaloni Kirumba, muulize mama wa dagaa habari za leo. Atakujibu "nzuri". Sasa tulia kidogo, usiwe na haraka... "nzuri, ila mtoto homa haijashuka." Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe! Na hampi kila mtu, anampa aliyemsalimia kwa heshima akasubiri. Programu ikipokea "nzuri" ikarukia swali la pili, mjamzito mwenye dalili ya hatari anaweza kupita hivi hivi.

Kwenye saikolojia kuna jaribio maarufu la 1985. Sally anaweka gololi kwenye kapu, anatoka. Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi ataitafuta wapi? Watoto wengi wa miaka 4 wanajibu kwenye kapu, maana wanajua Sally hakuona. Mashine nazo zikaanza kupatia maswali ya aina hii, watu wakashangilia. Februari 2023 Tomer Ullman wa Harvard akabadilisha vitu vidogo tu: mfuko umeandikwa chokoleti, ndani una bisi, lakini mfuko wenyewe unaonyesha mpaka ndani. Anayeutazama ataamini una nini? GPT-3.5 ikasema chokoleti, he he! Modeli za baadaye zina nguvu zaidi, ila somo limebaki: kupatia jibu la mtihani na kumsoma mtu ni vitu viwili.

Sasa njoo darasani. "Mmeelewa?" "Ndiyooo ticha!" Wote tuliosoma shule za kata tunaijua hiyo ndiyo. Yule wa nyuma anayekwaruza dawati hajaelewa kitu, anaogopa kuchekwa.

Tuwe wakweli lakini. Huyo huyo wa nyuma akipata simu, anaweza kuiuliza mashine swali moja mara tano na hakuna atakayemcheka. Hapo imetuzidi, tukubali tu.

Kwa hiyo siombi ipigwe marufuku. Wanaoziunda wazifundishe kuisubiri "ila". Na sisi tunaokwenda kushika chaki tuisubiri pia, kwa sababu mwalimu anayepokea "ndiyooo" akafuta ubao na kuendelea, huyo kweli mashine inaweza kuchukua nafasi yake kesho asubuhi.

Wadau wa ualimu mnasemaje? Mnaenda kumfanyaje yule wa nyuma?

Nawasilisha. Tupo pamoja!