Binti ana ramani, baba anauliza kazi iko wapi

Mtoto akisomea ualimu, udaktari au sheria, mzazi hana mengi ya kuwaeleza majirani. Akisomea mifumo ya taarifa za kijiografia, ambayo wenyewe huiita GIS, maelezo huwa marefu, na mwisho wake jirani huuliza: "Sasa huyo ataajiriwa wapi?"

Swali hilo liliisumbua familia moja ya Vingunguti, Dar es Salaam. Baba ni fundi seremala mwenye karakana Keko, mama anauza mboga gengeni. Binti yao wa kwanza alihitimu chuo kikuu mwezi Novemba. Joho la kukodi likarudishwa, picha zikatundikwa sebuleni, na ilipofika Januari akaanza kuzunguka mjini na bahasha za kaki.

Majibu yalikuwa ya aina mbili. Kuna walioipokea bahasha na kusema "tutakupigia". Wengine walitaka uzoefu wa miaka 3, kwa kazi ambayo hakuna aliyekuwa tayari kumpa hata miezi mitatu ya kuizoea. Kila jioni baba aliuliza, "Vipi leo?" Kufikia Februari binti alikuwa anachelewa kurudi makusudi, ili amkute baba amelala.

Mwezi Machi baba mdogo alikuja na habari aliyoiona njema. Kuna mtu anamfahamu mtu, na kwa shilingi 800,000 binti angeingizwa katika ofisi moja bila usaili. Fedha ilikuwapo. Baba alikuwa amelipwa tenda ya madawati na alikuwa ameitenga kwa ajili ya mbao za kazi inayofuata.

"Kaka, siku hizi bila kujuana huyu mtoto atakaa hapa mpaka aolewe," alisema baba mdogo.

Binti alisubiri wakubwa wamalize, kisha akasema, "Baba, nakuomba hiyo hela usiitoe. Nikiingia kwa hela, siku ya kwanza wakiniambia nitengeneze ramani nitatetemeka. Chuoni tulikuwa wanne kwa kompyuta moja. Tangu nimalize sijaigusa."

"Kwa hiyo kazi huijui?"

"Naijua, baba. Ila sina cha kumwonyesha mtu."

Hapo ndipo fundi alipoielewa taaluma ya mwanawe kwa mara ya kwanza. Keko hakuna mteja aliyewahi kumwomba cheti. Mteja huona kabati limesimama kando ya barabara, akavuta droo, akakagua maungio, ndipo akauliza bei. Fundi asiye na kitu barabarani hubaki kungoja ndugu zake wamletee kazi.

Usiku ule baba alimwambia mdogo wake kwamba hela haitatoka. Baba mdogo alijiona amedharauliwa mbele ya mtoto. Akaondoka kabla chakula hakijaiva, na Idd iliyofuata hakuja. Kutoka kwenye fedha ile, shilingi 550,000 zilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, Kariakoo. Zilizobaki zilirudi kwenye mbao.

Mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wa GIS hahitaji kujifunza programu, lakini ni vizuri akijua kazi yenyewe ni nini. GIS ni ramani inayojibu maswali. Kila nyumba, kisima au barabara iliyomo huwa imebeba taarifa zake. Chukua mfano wa maji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Ukiwa na orodha ya visima peke yake, huwezi kujua nani yuko mbali. Ukiwa na visima na nyumba juu ya ramani moja, kompyuta itakuonyesha kaya zilizo nje ya mita hizo, na mhandisi atajua kisima kipya kichimbwe wapi.

Vifaa vya kujifunzia navyo si vya gharama. QGIS ni programu ya bure inayotumika ofisini hata kwa kazi kubwa. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza kitu na kuchukua data zake bila malipo. Dar es Salaam ina bahati katika hilo. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi, wakatembea mtaa kwa mtaa kuchora nyumba, njia na mitaro katika maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Vijana wengi waliigusa kazi halisi hapo kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo binti alikuwa na malighafi kabla hajatoka nje ya mlango. Alichagua swali moja la mtaani kwao: kwa nini kila masika maji ya mvua huingia nyumba zilezile, wakati mitaro ipo?

Alianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaeleza anachotaka kufanya na akapewa ruhusa. Kisha Jumamosi nne mfululizo alitembea na simu mkononi, akirekodi kila mtaro, upana wake na unapoziba. Mama alifunga genge mapema ili amsindikize, maana yeye ndiye anayejua maji yalifika wapi mwaka gani.

Siku ya kwanza walizuiwa. "Mnatupima ili mje kutubomolea?" aliuliza mzee mmoja akiwa amesimama mlangoni. Jijini humo, mgeni anayeandika kitu mbele ya nyumba ya mtu humkumbusha mwenye nyumba alama ya X nyekundu.

"Mzee wangu, si mchicha wako unanunua kwangu?" mama alimjibu. "Huyu ni mwanangu. Tunatafuta mtaro unapoziba." Mzee akavaa kandambili, akaenda kuwaonyesha mwenyewe.

Ilipofika Juni, binti alikuwa na ramani tatu: ya mitaro, ya umbali wa kutembea hadi zahanati, na ya vituo vya maji. Chini ya kila ramani aliweka maelezo mafupi: swali lilikuwa nini, data zilitoka wapi, amegundua nini, na ni sehemu gani hana uhakika nayo. Ya mitaro ilibandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa.

Alibadili pia namna ya kutafuta. Mwanzoni alikuwa akitafuta matangazo yenye neno GIS tu, nayo ni machache. Kazi nyingi za aina hii hujificha nyuma ya majina mengine: ofisa mipango miji, ofisa ardhi, mtaalamu wa mazingira, ofisa takwimu, ofisa tathmini. Ramani zinahitajika kwenye mamlaka za maji, umeme, barabara, hifadhi za wanyamapori, migodi, kampuni za simu, na mashirika ya afya na maafa. Kuna pia kazi za muda zinazokuja kwa msimu. Mwaka 2022 peke yake nchi ilikuwa na operesheni ya anwani za makazi na Sensa ya Watu na Makazi, na zote zilihitaji vijana wa kwenda kukusanya taarifa nyumba kwa nyumba.

Kwa kazi za Serikali, matangazo hutolewa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kwa mtandao bila malipo. Serikali pia ina huduma ya ajira inayoandikisha wahitimu wanaotafuta nafasi za mafunzo ya kazi. Kwa walio tayari kuvuka mpaka, Nairobi kuna kituo cha kikanda cha upimaji na ramani, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975, na Tanzania ni mwanachama wake. Hakuna hata mmoja kati ya milango hiyo unaofunguliwa kwa shilingi 800,000. Anayedai fedha ili akupatie ajira anaomba rushwa au anatapeli, na mara nyingi mzazi hujua ni lipi kati ya hayo wakati hela imeshaondoka.

Binti alituma maombi tisa, kila moja likiwa na ramani zake. Simu mbili zilipigwa. Ya pili ilitoka kampuni ndogo ya upimaji iliyotaka mtu wa kujitolea kwa miezi mitatu, kwa malipo ya nauli na chakula cha mchana.

Baba alikunja uso. Kusomesha miaka yote, halafu nauli? Lakini yeye mwenyewe amelea vijana wa kazi karakanani, na anajua tofauti ya anayefundishwa na anayetumwa. Akamwambia binti aulize mambo manne kabla hajakubali: nani atamsimamia, kazi gani atakabidhiwa, lini mafunzo yanaisha, na kama hayo yote yataandikwa kwenye barua. Kijana anayejitolea mwaka mzima akitoa nakala na kupokea wageni hajifunzi chochote. Anaokoa mshahara wa mtu mwingine.

Kwenye usaili msimamizi hakukifungua cheti. Alifungua ramani ya mitaro, akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa mtaro unaishia ukutani. Umekosea?"

"Hapana. Ukuta umejengwa juu yake mwaka juzi. Nilisimama pale, na mama yangu ndiye aliyenionyesha ulikokuwa unapita."

Alianza Jumatatu iliyofuata. Miezi mitatu ilipokwisha alipewa mkataba wa miezi sita, wenye mshahara usiotosha kupanga chumba na kula. Bado anaishi nyumbani, na mkataba utaisha mwezi Mei. Kazi za mwanzo katika fani hii mara nyingi huenda hivyo: mradi hadi mradi, mkataba mfupi juu ya mkataba mfupi, mpaka jina la mtu lizoeleke. Mzazi anayelijua hilo mapema hatamwona mwanawe ameshindwa kila mradi unapofungwa.

Mchango wa nyumbani katika safari hiyo ni mdogo ukiuhesabu kwa fedha: bando la intaneti, meza isiyofuliwa nguo juu yake, saa mbili za utulivu, mtu wa kusindikizana naye mtaani. Lililokuwa gumu zaidi kwa baba lilikuwa kuacha kuuliza "Vipi leo?" Siku hizi huomba aonyeshwe ramani, na akiona mstari asiouelewa huuliza umetoka wapi.

Limebaki la baba mdogo. Mwaka unakaribia sasa hajakanyaga Vingunguti. Kaka yake haoni kosa katika kuikataa hela, ila anajua aliikataa mbele ya watoto. Jumapili hii amepanga kwenda kwake Gongo la Mboto, yeye na binti, bila kungoja Idd nyingine.