BREMEN: MJI UNAOFUNGIA MATOPE KWENYE FRIJI

Ukimwambia mtu wa Bongo kwamba Wajerumani wana ghala zima la kutunzia matope, tena kwenye ubaridi kama soda, atakuuliza kama usiku ulilala vizuri. Tope tunalijua bwana! Ni lile la Jangwani wakati wa masika, linalokuharibia viatu siku ambayo una miadi. Nani akalihifadhi?

Basi tope la Bremen ni habari nyingine kabisa. Lina namba kama gari, lina watunzaji wenye digrii zao, na limetolewa chini ya bahari kwa pesa ambayo ukitajiwa unatafuta kiti. Wiki hii, msomaji wangu, naomba twende wote tukalione.

Bremen iko kaskazini ya Ujerumani, kando ya mto Weser. Si mji wa fujo. Mapicha yote ya watalii ni ya sanamu moja iliyo pembeni ya jumba la mji: punda kabebeshwa mbwa, mbwa kabeba paka, paka kabeba jogoo. Watu wanapanga foleni kuishika miguu ya mbele ya punda, ati bahati. Imeshikwa mpaka inang'aa kama sufuria ya mama mkwe.

Sisi watu wa Tanzania tuna sanamu yetu nyingine ya kutazama, nyuma ya stesheni kubwa ya treni. Ni tembo wa matofali, mkubwa kama ghorofa. Alijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kusifia makoloni, na yetu ikiwemo. Mwaka 1990 mji ukambadilishia kazi, sasa ni kumbukumbu ya kupinga ukoloni. Tembo ni yule yule, maelezo ndiyo yamegeuzwa. Nilisimama pale kidogo nikafikiria mengi, halafu baridi ikanikumbusha kutembea.

Mwenyeji wangu ni mtoto wa shangazi, ambaye mimi namwita kaka. Anasoma mambo ya miamba. Tulipanda tramu namba 6, ile inayotoka uwanja wa ndege, ikapita stesheni na kutufikisha chuo kikuu. Njiani akaniambia, "Mdogo wangu, leo nakupeleka maktaba." Nikanuna. Nimesafiri yote hiyo nije kusoma vitabu?

MICHE YA TOPE

Kumbe maktaba yenyewe haina kitabu hata kimoja. Ni ghala la kituo cha sayansi ya bahari kinachoitwa MARUM. Ndani ni nyuzi 4 tu za joto. Mama mmoja wa Kijerumani aliyetutembeza alinitazama nilivyovaa, akaenda kuniletea koti bila hata kuuliza.

Mbele yako ni rafu mpaka juu, zimejaa vifuko virefu vya plastiki. Ndani ya kila kimoja kuna tope au mwamba uliokatwa kama mche wa sabuni, urefu wa mita moja na nusu. Ukiitandaza miche yote kwa mstari inazidi kilometa 150. Yaani uanzie Ubungo, uipite Chalinze, na Morogoro uione kwa mbali.

Kila mche ukitolewa baharini unapasuliwa katikati kama muhogo. Nusu moja ni ya kazi, wataalamu wanaichokoa. Nusu ya pili ni ya akiba, inatunzwa kwa ajili ya watu ambao pengine hawajazaliwa. Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu hawa jamaa. Sisi mtu akipewa muhogo mzima, nani anakumbuka kuweka nusu?

Na faida yake? Tope la bahari linatua polepole, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linaficha vijidudu vya wakati wake. Ukiusoma mche kutoka juu kwenda chini, unarudi nyuma miaka mamilioni. Hapo Bremen ndipo ulipochambuliwa mwamba wa Chicxulub, Meksiko, mahali ambapo jiwe kubwa kutoka angani lilipiga dunia miaka milioni 66 iliyopita na kuwamaliza madinosaria. Ulichorongwa mwaka 2016, mpaka zaidi ya mita 1,300 chini ya sakafu ya bahari.

HAKUNA KUKURUPUKA

Wengi tunafikiri mambo haya ni kupanda meli na kutoboa. Thubutu! Kaka alinieleza mlolongo wake mpaka nikachoka kwa niaba yao.

Kwanza wanasayansi wanaandika ombi: tunataka kuchoronga mahali fulani, kwa sababu hii. Ombi linakwenda kwa kamati ya wataalamu wenzao, na hao hawana undugu. Linarudishwa, linaandikwa upya, linarudishwa tena. Wakati huo huo lazima bahari ya mahali hapo ipimwe kwa mitetemo ya sauti, ijulikane chini kuna nini. Kisha kuna kamati ya usalama, ambayo ina uwezo wa kusema hapa hapana, sogeeni. Ndipo inakuja zamu ya wapanga ratiba na wenye pesa. Kutoka wazo mpaka shimo, miaka mitano ni kawaida, na wengine wamesubiri zaidi ya kumi.

La kuchekesha ni kwamba kamati ya usalama inawakataza kukutana na mafuta na gesi! Dunia nzima inayatafuta, wao wanayakimbia. Sababu ni kwamba meli yao maarufu ilichoronga bila bomba la nje na bila ile mitambo ya kuzuia mlipuko wanayotumia wenye mafuta. Gesi ikifumuka, ni kimbembe.

Wakishapita huko, kuna kubisha hodi. Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982 inasema ukitaka kufanya utafiti ndani ya maili 200 za baharini za nchi ya watu, uombe angalau miezi sita kabla. Na hapa sikiliza vizuri: nchi hiyo ina haki ya kushiriki, hata kuweka mtu wake melini inapowezekana, bila kuchangia gharama. Shika hilo, tutalirudia.

Mfano wa mipango iliyokwenda kombo ni mradi wa Mohole wa Wamarekani. Mwaka 1961 walifika karibu na kisiwa cha Guadalupe, Meksiko, wakashusha mabomba kwenye maji ya zaidi ya mita 3,500, wakatoboa mita 183 za sakafu. Ilikuwa ni ajabu ya dunia. Lakini lengo lilikuwa kulipenya gamba lote la dunia, na gharama ikawa inapanda kama mkate. Mwaka 1966 Bunge lao likakata pesa.

Walichojifunza ni kuacha kutafuta shimo moja la sifa na badala yake kutoboa mengi yenye maswali. Mwaka 1968 ikaingia kazini meli Glomar Challenger. Haikuchukua muda ikaonyesha kwamba mwamba wa chini ya Atlantiki unazidi kuwa mzee kadiri unavyoliacha safu la katikati. Kwa lugha ya kijiweni: mabara yanatembea!

Na mfano wa mipango iliyonyooka ni ule wa Ncha ya Kaskazini, mwaka 2004. Ukichoronga lazima meli itulie palepale, wakati barafu ya kule haitulii. Wakapeleka meli tatu. Ya Kirusi inayotumia nyuklia ikatangulia kuvunja mabonge makubwa, ya Kiswidi ikafuata kuyasagasaga, ya tatu ndiyo ikachoronga, mita zaidi ya 400. Tope lake likaja Bremen. Limeonyesha kwamba miaka milioni 55 iliyopita bahari ile ilikuwa na vuguvugu, maji ya juu yakifika nyuzi kama 23. Pale penye dubu mweupe leo, zamani ungeoga.

MAISHA YA MELINI

Vijana najua mnataka kujua waliishije. Meli iliyovuma zaidi ni JOIDES Resolution ya Wamarekani, iliyoanza kazi hii mwaka 1985. Urefu wake mita 143, na katikati ilikuwa na mnara uliozidi ghorofa nyingi za Kariakoo. Haikuwa ikitia nanga. Ilikuwa na rafadha 12 za kuisukuma huku na kule ili ibaki juu ya shimo lake, mchana na usiku.

Safari moja ilikuwa miezi miwili. Zamu ilikuwa saa 12 kwa siku, hakukuwa na Jumapili wala sikukuu. Usiku wa manane kulikuwa na watu wakila chakula cha mchana. Pombe ilikuwa marufuku, hata kopo moja! Kulikuwa na chumba cha sinema na cha mazoezi, lakini kaka anasema waliokwenda wanasimulia zaidi ule ukelele wa kutangaza kwamba mche umefika sitahani. Kila mtu aliacha alichokuwa anakifanya.

Pati yao inafanyika nchi kavu. Kweli inaitwa pati, ila hakuna muziki. Wanasayansi wanakusanyika kwenye ghala, kila mmoja anachomeka kibendera pale anapotaka kukatiwa kipande. Wawili wakitaka sentimeta moja, wanakaa chini kuelewana. Sio siri, pati nyingi za mjini zingekuwa na utaratibu huo tungeepuka ngumi.

MELI HAIKUSUBIRI

Kaka yangu alikuwa na ndoto ya kuipanda JOIDES Resolution. Ndiyo iliyomfanya achague masomo haya. Lakini kuiendesha kulikuwa kunakula kiasi cha dola milioni 70 kwa mwaka, na mwaka 2023 Marekani ikatangaza kwamba haitaendelea. Safari yake ya mwisho ya utafiti ilikuwa mwaka 2024, kwenye bahari ya kaskazini kabisa. Basi.

Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema, "Meli inastaafu kama mtu. Kibaya ni ikistaafu na hakuna mtoto." Ukweli ni kwamba watoto wapo, ila wachache. Wajapani wana Chikyu, meli ya mita 210. Hiyo hiyo iliwahi kukodishwa na watu wa mafuta ikachoronga kwenye bahari ya Kenya, upande wa Lamu, na wengi wetu hatukusikia. Mwaka 2025 Ulaya na Japani wakaanzisha mpango mpya kwa pamoja. Mwaka huo huo jukwaa la kukodi likapelekwa pwani ya kaskazini mashariki ya Marekani, kutafuta maji baridi yaliyojificha chini ya bahari ya chumvi. Wazo hilo nalo lilisubiri zaidi ya miaka kumi. Wewe unayebeba ndoo, fikiria: maji ya kunywa chini ya bahari!

LETU LIKO WAPI?

Mwisho nikamuuliza yule mama swali lililokuwa likinikereketa tangu mlangoni. Humu ndani, tope la bahari yetu liko rafu gani?

Akatabasamu. "La kwenu haliko hapa. Sisi tuna la Atlantiki, la Mediterania na la Aktiki. La Bahari ya Hindi liko Kochi, Japani." La Pasifiki, sehemu kubwa liko Texas.

Kwa hiyo tope lililochukuliwa na Glomar Challenger mwaka 1972 ilipopita upande wetu wa Bahari ya Hindi, na lile la JOIDES Resolution kutoka mlango bahari wa Msumbiji mwaka 2016, linalala kwenye friji ya Mjapani. Nilitaka kununa, nikakumbuka kwamba limetunzwa. Sisi tungelimwaga.

Na msidhani kwetu hapatajwi. Wataalamu wa Uingereza wakiongozwa na Paul Pearson, pamoja na TPDC, walichoronga nchi kavu huko Kilwa na Lindi, kwenye udongo ambao zamani ulikuwa sakafu ya bahari. Vijidudu walivyovikuta vimehifadhika kama vioo. Kwa hivyo walipima hewa ya dunia ya miaka milioni 34 iliyopita, wakati Antaktika ilipoanza kuvaa barafu. Mtu wa Pande anapita juu ya udongo huo kila siku akienda shamba, wakati huko ng'ambo unafundishwa darasani.

Sasa turudi kwenye lile nililosema shika. Meli ikiomba kuingia kwenye bahari yetu, tuna haki ya kumweka mtu wetu. Haki bila mtu aliyesoma ni kiti kitupu. Na kwenye maghala haya matatu, waliokuwa safarini wanapewa takriban mwaka mmoja wa kulitumia tope peke yao. Baada ya hapo, mtafiti wa nchi yoyote anaruhusiwa kuomba kipande, bure. Hawaulizi baba yako ni nani. Wanauliza unataka kujua nini.

Tulipotoka nje kaka alinionyesha karatasi aliyokuwa anaijaza. Ni ombi la kwenda Kochi, la sentimeta chache za tope la Bahari ya Hindi. Sehemu ya jina na chuo alishaimaliza siku nyingi. Ile ya kueleza swali lake ndiyo alikuwa ameiandika na kuifuta, ameiandika na kuifuta, mpaka karatasi imeanza kutoboka.

Haya, wewe uliyeko Tandika, Magomeni au Kisauni, na fizikia yako na jiografia yako, swali lako ni lipi? Anza kuliandika mapema. Hawa watu foleni yao ni ndefu.