Kitanda cha Bibi na Seti Mpya ya Makochi

Makochi yalifika Jumamosi mchana kwa kirikuu, na nusu ya majirani wakatoka nje kutazama yakishushwa. La watu watatu, la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Rangi ya kijivu, mito minene, migongo yenye vifungo. Mama wa nyumba, muuza genge wa Temeke, alikuwa amesubiri zamu yake ya mchezo kwa miezi minane ili ayapate. Sebule ni ndogo, na sasa kupita kwenda chumbani kulitaka mtu aende ubavu. Haikumsumbua. Aliyaacha na manailoni yake wiki mbili nzima, watoto wakikaa yanalia kama mfuko wa mkate.

Manailoni yalitolewa kwa sababu ya mgeni. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Pangani, atibiwe magoti.

Bibi alikaa kwenye kochi la watu watatu, akazama. "Mwanangu, hiki ni kiti au shimo?" Wote wakacheka. Wajukuu wawili wakamshika mikono, wakamvuta kama wanaovuta ndoo kisimani. Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Siku ya nne hakuna aliyecheka, na bibi alikuwa ameanza kukataa chai ya jioni. Wakadhani hapendi sukari nyingi.

Usiku alilala palepale kochini, maana watoto wanalala kwenye godoro la chini na kuinuka kutoka chini asingeweza kabisa. Alfajiri moja mama wa nyumba aliamka kuwahi sokoni, akamkuta mkwewe ameinama, mkono mmoja umeshika kochi, mwingine unafuta mto kwa ncha ya kanga.

"Maji yamenimwagikia, mwanangu."

Hapakuwa na kikombe popote. "Pole mama, hata mimi jana nilimwaga," mama alijibu, akaugeuza mto upande wa pili, akaenda kumpashia maji ya kuoga. Asubuhi hiyohiyo bibi alimwomba mwanawe nauli ya kurudi Pangani, na kliniki zilikuwa bado mbili. Mwanawe alishangaa, akauliza nani amemuudhi mama. Hakuambiwa.

Badala ya kuambiana, mama alifunga genge mapema akaenda Keko, kwenye karakana za samani, akitaka kiti chochote kigumu. Fundi mmoja wa makamo hakumwonyesha kiti. Alimwonyesha fremu ya kochi lisilovishwa bado. Mbao za msonobari, zilezile nyepesi zinazotoka kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi. Mikanda ya mpira iliyovutwa huku na huku. Juu yake sponji, kisha kitambaa kizuri kinachoficha yote. Mikanda ikilegea na sponji ikiwa laini, alisema, makalio ya mkaaji yanashuka chini ya magoti yake. Kijana anaruka tu. Mzee hana pa kujisukumia.

"Mama umempima?" fundi akauliza.

Nani humpima mtu kwa ajili ya kiti? Watu hupima sebule, na wengine hata sebule hawapimi. Fundi akamweleza: toka unyayo mpaka nyuma ya goti, ndio urefu wa kiti chake, au kizidi kidogo, kisibonyee, na kiwe na mikono inayofika mbele, ili anayeinuka aikandamize. Kuhusu mbao, alisifu mninga kwa kuwa ukishakauka haupindi ovyo na wadudu hawaushindi, ila bei yake si ya kukurupukia. Mkongo ni imara pia, mzito. MDF, yaani unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, yeye haitukani kama mafundi wengine. Inafaa rafu ya vitabu. Lakini miguu ya samani kwenye sakafu inayopigwa deki kila siku, hapana. Maji yakiingia inavimba kama andazi kwenye chai.

Nyumbani futi ya kushonea ikatoka. Goti la bibi: sentimita 43. Kochi, bibi akiwa amekaa: 29.

Bibi aliposikia habari za kiti cha kutengenezesha alikataa. "Mnamaliza hela za nini? Kitanda changu kule kina urefu wa goti langu. Marehemu aliyapunguza matendegu mwenyewe nilipoanza kuumwa."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kwanza mama alisema kunguni, na akaisema ile methali ya kitanda usichokilalia. Kisha akasema nafasi. Kubwa zaidi hakulisema: mtu hahamishi kitanda kwa ajili ya kliniki mbili. Kitanda kikija, bibi amekuja. Chumba cha watoto kitakuwa chake, na yale makochi ya miezi minane hayatatosha sebuleni pamoja na godoro la watoto. Alilala na jambo hilo siku mbili, akiwa mkali kwa kila mtu. Siku ya tatu, akimenya vitunguu, alimwambia mumewe bila kumtazama, "Kalete kitanda cha mama."

Mume alikwenda Pangani na msumeno. Kitanda hakikupita mlangoni, naye akaona akate mbao za kando, fundi ataunga Dar. Mzee jirani aliyekuja kumsalimu alimkuta ameshaweka alama ya penseli. "Hicho hakikatwi, kijana. Kinafunguliwa."

Hakikuwa samadari, kile kitanda cha fahari cha mtindo wa Kihindi kilichopamba nyumba za matajiri wa Zanzibar na Lamu, wala mwenye nacho hakuwahi kuwa na kiti cha enzi sebuleni. Kilikuwa kitanda cha kamba cha mtu wa kawaida. Ila hakikuwa na msumari hata mmoja. Matendegu manne yana matundu. Mifumbati miwili ya kando na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni vina ndimi zinazoingia humo. Mzee alizilegeza kamba, akagonga kwa nyundo akiwa ameweka kipande cha ubao katikati, na mbao zikaachana. Kitanda kizima kikawa mzigo mmoja, kikasafiri juu ya basi.

Temeke kiliungwa katikati ya sebule kwa sababu hapakuwa na pengine. Kamba za zamani zilitupwa, na kwa kweli kunguni hawakuonekana. Ikaja kazi ya kuwamba kwa kamba mpya za makumbi, na katika nyumba hiyo aliyejua ni mmoja tu. Bibi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitoa amri. Mjukuu mkubwa anavuta, mdogo anashikilia, baba anakaza kwa mguu. Pita juu, pita chini, usiruke. Saa tatu zilipita. Mara mbili alisema fungueni, mmekosea, nao wakafungua. Mtoto wa darasa la tatu, aliyejua kitanda kuwa ni kitanda tu, kufika jioni alikuwa akimkosoa baba yake: "Hilo si mguu, baba, ni tendegu." Akauliza bibi atalalia upande gani. "Mchago uwe huku," bibi akasema, "mbali na mlango."

Kochi la watu wawili liliuzwa wiki iliyofuata kwa chini ya nusu ya bei. Mama aliwasaidia wanunuzi kulitoa, akarudi ndani, akakaa jikoni muda mrefu kuliko ilivyohitaji chai kuchemka. Watoto sasa wanalala sebuleni, na la watu watatu linasogezwa ukutani kila usiku. Ule mto bado umegeuzwa. Bibi anaujua na hausemi.

Ameanza kunywa chai ya jioni tena, vikombe viwili. Kabla ya adhana ya alfajiri kamba hulia mara moja, mama husikia nyayo zikienda taratibu, mlango wa choo, maji, kisha nyayo zikirudi. Akisikia kamba zimelia mara ya pili, hugeuka upande wa pili akalala mpaka saa ya soko.