Lori Lililobadili Mizigo

Babu alilitengeneza lori lile mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mabaki ya mvule, kwenye kibanda chake cha useremala Ngamiani, Tanga. Hakuchora chochote. Alisimama kando ya barabara akaitazama Bedford yenye pua iliyokuwa ikipeleka mkonge bandarini, akarudi kibandani akaanza kukata mbao. Urefu wake ulikuwa kama mita moja na nusu. Magurudumu yalikuwa beringi chakavu, usukani ulivuta ekseli ya mbele kwa kamba. Mmoja aliendesha, wawili walipanda nyuma, asiye na bahati alisukuma. Mimi, kwa kuwa msichana, nilianzia kusukuma. Usukani niliupata baada ya kumng'ata kaka yangu.

Mvule hauliwi na mchwa kirahisi, na hapo ndipo tatizo letu lilipoanzia. Lingekuwa la bati lingeshaliwa na kutu zamani, na hakuna ambaye angelazimika kuamua lolote.

Mzigo wetu wa kwanza ulikuwa mkonge. Watoto wa Tanga tungebeba nini kingine? Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000, na japo sisi tulikuja wakati bei imeshaporomoka kwa ajili ya kamba za plastiki, malori bado yalipita na marobota ya kilo 250. Tulifunga vijirobota vyetu kwa nyuzi tulizookota, tukavipeleka "bandarini", yaani chini ya mwembe wa jirani, ambako tulivipakua, tukavihesabu na kugombana.

Kisha ikaja Vita ya Kagera, na baada yake ile miaka ya foleni. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni. Mama akaliona lori kwa jicho jingine: likaanza kubeba madumu ya maji asubuhi na unga jioni, ukibahatika kupatikana. Nilichukia. Mchezo uligeuka zamu, na zamu ina kuchapwa ndani yake. Isipokuwa Jumapili alasiri. Magari ya binafsi yalikuwa yamekatazwa kutembea saa hizo ili kuokoa mafuta, na Bedford yetu ikawa gari pekee mtaani. Hakuna polisi aliyewahi kutuuliza kibali.

Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985, biashara zikazidi kufunguka. Mama akaanza kuuza mitumba, na lori likamsindikiza sokoni na robota la nguo mgongoni. Naamini lile lori lilinilipia ada kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, lakini hili sijawahi kulisema mbele ya wajomba.

Wanangu walikulia Dar es Salaam na vigari vya plastiki kutoka Kariakoo, vinavyowaka taa na kulia king'ora mpaka betri ziishe. Tulipokwenda Tanga likizo walilizunguka lori mara moja, mdogo akauliza linachajiwa wapi, wakarudi ndani. Wakati huo lilikuwa limeegeshwa uani, limebeba vitunguu. Baadaye likabeba mtungi wa gesi.

Mama alipofariki, nyumba ikabidi iuzwe, kila mrithi apate fungu lake. Sahani zikagawanywa. Hata kinu kilipata mwenyewe. Lori kila mtu alilitaka, ila hakuna aliyekuwa na pa kuliweka. Kaka yangu, aliyehamia Muscat, alipiga simu kwa uchungu: "Dada, lori la babu lisitupwe, tafadhali." Nikamwambia basi aje alichukue. Akabadilisha mazungumzo. Walio mbali ndio wepesi wa kuhifadhi.

Mimi nakaa ghorofani, vyumba viwili. Nilipima: lori liingie, kochi litoke. Mtu mmoja akanipa bei nzuri, akitaka kupandia maua ndani yake mlangoni mwa hoteli. Nilikaribia kukubali, kisha nikamfikiria babu akipita pale na kuona Bedford yake imejazwa udongo, haigeuki wala haisukumwi. Hapana. Lori lisilobeba mtoto afadhali liwe kuni.

Nimelipeleka kwa mama mmoja mwenye chekechea mtaa wa pili. Sharti langu lilikuwa moja: lisiwekwe kabatini wala ukutani, watoto walipande mpaka liishe. Kaka bado amenuna kidogo, na ana haki ya kununa.

Limebaki jambo la magurudumu. Beringi mbili za nyuma zimekwama kabisa. Ni namba 6308, zile za milimita 90 kwa nje. Kama una fundi magari Tanga anayetupa chakavu, mwombe akuwekee mbili. Si lazima ziwe nzima, mradi zizunguke.