Malka Niliyoifuta

Nina shahada mbili nilizosoma kwa pamoja, miaka mitano huko Australia: moja ya siasa na mahusiano ya kimataifa, nyingine ya usanifu wa michoro. Nilirudi nyumbani nikiamini kila moja itailinda nyingine. Lakini Tarasaa, kwenye delta ya mto Tana nchini Kenya, nilizitenganisha, na hilo ndilo ninaloungama.

Ilikuwa 2013. Agosti ya mwaka uliotangulia, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, kwenye delta hiyo, kwa siku moja, na visasi baina ya Wapokomo na Waorma vikaendelea hadi mwaka ukageuka. Shirika lililoniajiri lilitaka ramani kubwa ya kutundikwa kwenye mkutano wa wakulima na wafugaji.

Asiyeijua delta ya Tana na aelewe jambo hili kwanza. Wapokomo hulima kandokando ya mto, mafuriko yakishapungua: mpunga, mahindi, ndizi. Kiangazi kikikaza, Waorma huteremsha ng'ombe kutoka bara kutafuta maji na majani. Ng'ombe hufika mtoni kwa kupita katikati ya mashamba, kwenye njia ziitwazo malka. Malka ikizibwa, ng'ombe huingia shambani. Shamba likiliwa, mapanga hutoka.

Kijana mmoja mchungaji alinitembeza kutwa nzima juani akinionyesha malka moja baada ya nyingine. Nikaziandika zote daftarini. Usiku, nilipoziingiza kwenye kompyuta, mchoro ulijaa mistari hadi ukachosha macho. Chuoni tulifundishwa kuondoa kila kisichohitajika. Nikaziondoa. Ukabaki ukanda wa kijani wa mashamba umeufunga mto pande zote mbili, na kahawia ya malisho nje yake. Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Kijana aliponiuliza malka ziko wapi, nikamwambia tutaziweka baadaye. Nilikuwa nimeshaipeleka Malindi kuchapishwa.

Siku ya mkutano, mzee wa Kiorma alilisogelea bango, akaufuata mto kwa ncha ya fimbo yake, taratibu, kutoka juu hadi baharini.

"Mwanangu," akaniuliza, "hapa ng'ombe wangu atanywea wapi?"

Nikamjibu kwamba ule ni mchoro tu. Nyuma yangu vijana wa Kipokomo walikuwa tayari wanaupiga picha kwa simu zao, wapate ushahidi. Wazee wa Kiorma wakainuka, wakaondoka. Mama mmoja Mpokomo, mkulima, akanivuta kando: "Sisi wenyewe hatujawahi kuzikana malka hizo. Umezifuta wewe."

Linaloniuma zaidi ni kwamba sikuwa mjinga wa jambo hili. Chuoni niliandika insha ndefu kuhusu mapatano ya 1886, Uingereza na Ujerumani walipogawana Afrika Mashariki. Tana ukafanywa mpaka wa kaskazini wa eneo la Waingereza, na Witu, ng'ambo ya mto huu huu, ikabaki chini ya Wajerumani hadi 1890. Niliwashutumu waliochora juu ya mto wasiounywa, nikapewa alama za juu. Kisha nikaketi mbele ya kompyuta, siasa nikaiacha ndani ya insha, nikachora kama wao.

Na bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Kuichora ramani vibaya kungesameheka, ingechapishwa nyingine. Lakini jioni ile niliandika ripoti, nikasema mkutano ulivunjika kwa sababu wafugaji hawakuwa na nia ya kushirikiana. Niliiandika sentensi hiyo kuilinda kazi yangu. Ikasomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tarasaa, nao wakaiamini, kwa kuwa aliyeiandika ana shahada mbili.

Sentensi ile ni ya uongo. Wafugaji walikuja mapema kuliko mtu yeyote, na walitembea kwa miguu. Nimeshaliandikia shirika nikitaka ripoti isahihishwe. Ikiwa kuna ofisi, Garsen au Hola au Nairobi, iliyoitundika ramani ile ukutani, naomba iiteremshe leo.