Mwalimu wa Timu Akishindwa, Nani wa Kujibu?

Mimi ni mkulima wa kahawa katika milima ya Mbooni, na kwa miaka mingi nimefanya pia kazi ya ukarani. Sikupata sifa yo yote katika kuucheza mpira, wala sidai kuwa mjuzi wa mambo ya uwanjani. Lakini nimeifuata timu yetu ya taifa, Harambee Stars, tangu nilipokuwa mtoto wa shule nikisikiliza redio ya baba, na nadhani mtu aliyeumizwa na jambo kwa muda mrefu ana ruhusa ya kusema machache juu yake. Nataka kusema juu ya mwalimu wa timu, ambaye siku hizi twamwita kocha, anaposhindwa mara kwa mara na huku akaendelea kukaa katika kazi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Wasomaji watakumbuka mambo ya mwaka 2024. Kenya ilikuwa ikitafuta nafasi ya kwenda Morocco kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025, nayo ilipangwa pamoja na Kamerun, Zimbabwe na Namibia. Mwalimu alikuwa Bwana Engin Fırat, Mturuki, aliyeajiriwa Septemba 2021. Mwanzo wake ulikuwa mbaya: katika mchezo wa kwanza, Oktoba 2021, Mali walitufunga mabao 5 kwa 0 kule Agadir, na siku tatu baadaye wakatufunga tena 1 kwa 0 katika uwanja wa Nyayo. Watu walisema, tumpe muda, ni mgeni. Muda akapewa. Miaka mitatu baadaye, katika michezo sita ya kutafuta nafasi ya Morocco, tulishinda mmoja tu, ule wa Namibia wa Septemba 2024. Kamerun walitufunga 4 kwa 1 kwao Yaoundé, na siku tatu baadaye wakatufunga 1 kwa 0 kule Kampala. Tarehe 15 Novemba tukatoka sare na Zimbabwe, na sare hiyo ikatufungia mlango. Tulimaliza wa tatu tukiwa na pointi sita.

Usiku ule wa Novemba nilikuwa katika hoteli moja ya hapa Kikima, mahali tunapokusanyika kutazama mpira. Kijana mmoja alimgeukia mzee aliyekuwa amekaa karibu na jiko, akamwuliza, "Mzee, kibarua akikulimia shamba vibaya mara tatu, wamwita tena mara ya nne?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Simwiti, mwanangu. Lakini kwanza najiuliza kama nilimpa jembe."

Wote walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Lakini nilipokuwa nikipanda mlima kwenda nyumbani niliona ya kwamba wawili hao walikuwa wamesema mambo yote yaliyopasa kusemwa. Kijana alikuwa na haki, na mzee alikuwa na haki. Tatizo letu ni kwamba katika nchi hii hatujapata kuyaweka maneno yao mawili pamoja.

Tuanze na neno la mzee, maana haki yataka tumsikilize hata yule tunayemlaumu. Bwana Fırat hakupewa jembe zima. Kuanzia Februari hadi Novemba 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA, kwa ajili ya ugomvi wa serikali na shirikisho la mpira, na kwa sababu hiyo hatukuruhusiwa hata kujaribu bahati yetu katika kutafuta nafasi ya kombe lililochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Viwanja vyetu vikubwa vilipofungwa ili vitengenezwe, timu ilicheza michezo ya nyumbani ugenini: Juni 2024 tulikuwa wenyeji kule Lilongwe, na Septemba na Oktoba tulikuwa wenyeji kule Kampala. Mwenyewe alilalamika katika magazeti ya kwamba mishahara yake ya miezi kadhaa haikulipwa. Wala si kweli kwamba hakufanya jema lo lote. Septemba 2023 timu yake iliwashinda Qatar 2 kwa 1 huko kwao, na Juni 2024 ilitoka sare ya bila bao na Ivory Coast, waliokuwa wamelitwaa kombe la Afrika miezi minne tu iliyotangulia.

Sasa tuje kwa neno la kijana. Mwenye shamba akiona kazi imeharibika, humwita kibarua, hutembea naye kwenye mistari, na humwuliza. Sisi washabiki hatukuulizwa wala hatukujibiwa. Tulipiga kelele redioni na njiani, na kelele zetu zikapita kama upepo. Hakuna aliyesimama mbele ya wananchi akasema, "Tulimwajiri mtu huyu ili afanye jambo fulani ifikapo tarehe fulani, hili amelifanya, lile hakulifanya, na kwa hiyo anabaki kwa sababu hii," au, "anaondoka kwa sababu hii." Hilo ndilo lililotuuma kuliko mabao ya Kamerun.

Tena jambo hili halikuanza na Bwana Fırat. Februari 2016 shirikisho lilimweka Bwana Stanley Okumbi, na wengi walinung'unika ya kwamba bado ni mchanga kwa kazi kubwa kama hiyo. Mwezi uliofuata Guinea-Bissau walitushinda kwao, kisha wakatushinda hapa Nyayo, na washabiki wakafanya ghasia hata mchezo ukasimama kwa muda. Ghasia ni aibu, nami siitetei. Lakini mtu asiye na mlango wa kubisha hupiga ukuta. Mwalimu akabaki hadi mwaka uliofuata.

Mtu angeweza kusema, basi dawa ni rahisi: mwalimu akishindwa, afukuzwe upesi. Dawa hiyo tumekwisha kuinywa, na haikutuponya. Tangu 2009 hadi 2021 walimu wa timu ya taifa walipita zaidi ya kumi. Bwana Henri Michel, ambaye aliiongoza Ufaransa hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1986, alifika kwetu Agosti 2012 na Desemba alikuwa amekwenda zake. Mimi nilikuwa Machakos Desemba 2017, tulipowashinda Zanzibar kwa mikwaju ya penalti na kulitwaa Kombe la CECAFA chini ya Bwana Paul Put. Nilirudi Mbooni nimekaukiwa na sauti kwa furaha, na kufika Februari 2018 Bwana Put naye alikuwa ameacha kazi.

Zaidi ya hayo, kufukuza kuna bei yake. Bwana Adel Amrouche alitupa Kombe la CECAFA Desemba 2013, siku ile ile nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru. Agosti 2014, baada ya Lesotho kututoa katika mashindano, alifukuzwa pamoja na wasaidizi wake, na mkataba wake ulikuwa bado haujakwisha. Alishtaki, akashinda, na deni likawa zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2020 FIFA ilitishia kuitoa Kenya katika mashindano ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 2022 kama deni hilo halikulipwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, tukilia "Afukuzwe!" yafaa tukumbuke ya kwamba tunaagiza kitu dukani bila kuuliza bei, na tutakaolipa ni sisi.

Basi ni kusubiri? Wapenzi wa Manchester United, ambao hapa Mbooni ni wengi kupita kiasi, hupenda kunikumbusha habari za Bwana Alex Ferguson. Aliingia kazini Novemba 1986, na kwa miaka mitatu hakushinda kikombe cho chote. Desemba 1989 washabiki walitandaza kitambaa uwanjani cha kumwambia kwaheri. Hakuondolewa. Mei 1990 akashinda Kombe la FA, na alipostaafu mwaka 2013 alikuwa ameshinda ubingwa wa ligi mara 13. Subira yavuta heri, wasema. Nami huwajibu ya kwamba wahenga hao hao walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali mbili zikipingana hivi, hatuna budi kuyatazama mambo yenyewe.

Hapa mkulima ana faida kuliko mtu wa mjini. Mche wa kahawa hautoi mavuno mwaka wa kwanza wala wa pili. Wangoja miaka mitatu au minne. Lakini hakuna mkulima wa Mbooni angojaye miaka mitatu akiwa amefumba macho. Kila wiki hupita akitazama. Majani yakiwa mabichi na machipukizi yakitoka, hana hofu, ijapokuwa hajachuma hata punje moja. Majani yakiwa yamejikunja na shina limeanza kuoza, hamwambii mkewe, "Tungoje mavuno." Hung'oa. Na Bwana Ferguson katika miaka ile mitatu ya ukame alikuwa akitafuta vijana na kuwafundisha tangu udogoni, na wakubwa wake waliona majani ya mche. Subira yao ilikuwa na macho.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwajiri wa mwalimu ni hili: waona majani gani? Wachezaji vijana wangapi wameingizwa katika timu? Makosa ya mchezo wa jana yamerekebishwa katika mchezo wa leo, au tunafungwa kwa namna ile ile? Mwalimu mwenyewe hutazama ligi yetu ya hapa nchini? Mwajiri akiwa na majibu mema, na aseme, nasi tutavumilia. Akikosa majibu, uvumilivu wake ni uvivu tu.

Lakini nani atamlazimisha mwajiri kujibu? Wazee wetu walijifunza jambo hili kwa jembe. Zamani Mbooni ilikuwa katika Wilaya ya Machakos, na ardhi yetu ilikuwa imeliwa vibaya na mmomonyoko. Watu walipolazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta, chini ya amri ya machifu, kazi ilifanywa kwa chuki, na mvua ikaendelea kuchukua udongo. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, yaani vikundi vyetu vya kusaidiana kazi, viliachiwa kuchagua viongozi wao wenyewe, na hapo matuta yakachimbwa kwa bidii ambayo haikuonekana kabla. Udongo ulikuwa ule ule na majembe yale yale. Tofauti ni kwamba msimamizi sasa aliwajibu wale waliochimba.

Katika mpira, wenye kulipa kiingilio hawamchagui msimamizi. Viongozi wa shirikisho huchaguliwa na wajumbe wa kaunti na wa klabu, na sisi wengine hujua matokeo gazetini. Hata hivyo uchaguzi wa tarehe 7 Desemba 2024 ulituonyesha kitu. Uongozi mpya ulipoingia chini ya Bwana Hussein Mohammed, siku chache hazikupita kabla Bwana Fırat hajajiuzulu, akilalamika ya kwamba mkataba wake haukutimizwa. Kelele za miaka mitatu hazikumwondoa. Lakini kura zilipobadilisha viongozi, mambo yalianza kusogea.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wa Mbooni na wa kwingineko wenye kupenda mchezo huu: nguvu tunazozimaliza kwa kumtukana kocha hotelini tuzipeleke mahali pa kufaa. Tunazo timu zetu za vijiji na za shule, na kaunti ina tawi lake la mpira. Tujue ni nani aendaye kupiga kura kwa jina letu, na kabla hajaenda tumwagize mambo mawili. La kwanza, mwalimu ye yote aajiriwapo, yatangazwe wazi mambo anayotakiwa kuyatimiza na tarehe zake, na mkataba uandikwe kwa namna ambayo akishindwa kuyatimiza aweze kuondoka bila kuiachia nchi deni. La pili, baada ya kila mashindano shirikisho litoe taarifa kwa wananchi: jembe gani lilitolewa, na shamba limelimwaje.

Msidhani ya kwamba washabiki hutaka ushindi tu. Mwaka 1987 timu yetu ilishindwa na Misri 1 kwa 0 katika fainali ya Michezo ya Afrika hapa Nairobi, na hata leo mwalimu wa siku zile, marehemu Reinhard Fabisch, hutajwa kwa heshima. Agosti 2025, chini ya Bwana Benni McCarthy, tuliwashinda Morocco na Zambia katika mashindano ya CHAN, kisha Madagascar wakatutoa kwa penalti katika robo fainali pale Kasarani. Watu walihuzunika, lakini sikumsikia hata mmoja hapa Kikima akidai kichwa cha mwalimu usiku ule, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameyaona majani.

Nina wasiwasi kwa ajili ya vijana. Nikipita njiani naona fulana za Arsenal na za Chelsea, na ni nadra kuona ya Harambee Stars. Mtoto hakuzaliwa akiipenda London kuliko Nairobi. Alijifunza, mwaka baada ya mwaka, ya kwamba ukiipenda timu ya nchi yako utaumia, na ukiuliza kwa nini waumia hutajibiwa. Kushindwa uwanjani twaweza kukuvumilia, maana katika mchezo lazima mmoja ashindwe. Lakini tukiendelea kuwanyima vijana jibu, tutakuja kuwa na viwanja vilivyotengenezwa vizuri na mwalimu aliyelipwa vizuri, na viti vitupu.