Tafakari ya Juma: Utani Usio na Jibu



Kila ifikapo Dominika ya Tatu ya Mwaka, ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliiteua mwaka 2019 kuwa Dominika ya Neno la Mungu, sisi tunaowaandikia tafakari hizi hukumbuka usiku mmoja wa aibu. Tumekaa nao kimya kwa muda mrefu. Leo tumeona vema tuwashirikishe, maana mchungaji asiyekiri kosa lake mbele ya kundi hana haki ya kuliambia kundi likiri.

Ilikuwa tarehe 21 Januari 2024. Asubuhi, somo la kwanza lilitoka katika kitabu cha nabii Yona: jinsi alivyotumwa Ninawi, mji wa wageni na maadui, watu wakatubu na Mungu akawahurumia. Tulihubiri kwa bidii. Tulieleza kwamba ukisoma mpaka mwisho utamkuta Yona amekasirika, si kwa sababu kazi yake imeshindikana, bali kwa sababu imefanikiwa kwa watu asiowapenda. Wengi walitupongeza mlangoni, nasi tukarudi nyumbani tumeridhika na mahubiri yetu.

Jioni ile Taifa Stars walikuwa na mechi dhidi ya Zambia huko San Pédro, Ivory Coast, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Vijana waliomba ukumbi wa parokia, wakaleta televisheni, wakachangishana mafuta ya jenereta endapo umeme ungekatika. Kabla ya saa 2 usiku ukumbi ulikuwa umejaa: mama wa WAWATA, madereva wa bodaboda, wakulima wa tumbaku waliokuja mjini kwa shughuli zao, mwalimu mmoja na katekista wetu.

Mnaijua hali ya watu wetu siku za mechi. Kila mmoja ni kocha. Siku nne kabla yake tulikuwa tumefungwa 3-0 na Morocco, na Novatus Dismas akatolewa kwa kadi nyekundu. Kocha Adel Amrouche alikuwa amefungiwa kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, na timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman, ambaye mashabiki humwita kwa jina hilo hilo la Morocco. Basi watu wakawa wanataniana kwamba Morocco ametuangusha na Morocco atatuinua. Mwalimu aliuchukua ubao tunaofundishia watoto wa Komunyo ya Kwanza, akachora kikosi. Samatta asimame peke yake mbele, au Msuva amsogelee? Nafasi ya Novatus aipewe nani? Tucheze na mabeki wa kati wawili au watatu? Katekista alitaka tushambulie tangu dakika ya kwanza. Mama mmoja akamkumbusha kwamba hata Morocco tulikwenda na matumaini hayo hayo.

Kisha mjadala ukaingia mahali pengine. Katika kikosi walikuwamo vijana waliozaliwa Uingereza, kama Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia. “Hao machungu ya nchi hii watayajulia wapi?” aliuliza mmoja. “Wapewe nafasi wa kwetu.” Mwingine akamjibu kwamba damu ni damu. Hatukuona ubaya wowote. Tuliyachukulia kuwa ni mazungumzo ya mpira.

Dakika ya 11 Msuva alifunga, ukumbi ukalipuka. Kabla ya mapumziko Mzambia mmoja alitolewa kwa kadi nyekundu. Tangu 1980, Tanzania ilipocheza fainali hizi kwa mara ya kwanza, hatukuwahi kushinda hata mechi moja ya fainali. Sasa tulikuwa tunaongoza, na wenzetu wakiwa kumi uwanjani.

Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, mzee mmoja aliyeketi nyuma na mjukuu wake alisema kwa sauti ya upole: “Hawa wako kumi, lakini wanatafuta kona. Daka ni mtu wa hatari. Kocha aongeze beki mrefu.”

Ndugu zetu, mzee huyo ni mwana wa Katumba. Wenyeji wa Katavi mnaelewa maana ya neno hilo. Mwaka 1972 maelfu ya watu waliyakimbia mauaji nchini Burundi, wakapokelewa Katumba na Mishamo katika misitu yetu, na Ulyankulu kule Tabora. Walifyeka pori, wakalima, wakajenga makanisa. Zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mzee huyu amehamia hapa mjini siku nyingi. Huimba besi kwaya kuu, na jumuiya yake haijawahi kumkosa.

Kijana mmoja aligeuka, akasema: “Mzee, wewe subiri Burundi wafuzu, ndipo utupangie kikosi!”

Ukumbi mzima ulicheka. Nasi tulicheka.

Dakika ya 88 Zambia walipata kona. Patson Daka aliruka, akapiga kichwa, ikawa 1-1. Ukumbi ulinyamaza kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Hakuna aliyegeuka kumtazama mzee. Filimbi ya mwisho ilipolia, alisaidia kukusanya viti kama afanyavyo siku zote, akamshika mjukuu mkono, wakaondoka. Siku tatu baadaye tulitoka 0-0 na Kongo, safari yetu ikaishia hapo. Mzee hakuonekana tena ukumbini siku za mechi. Kwaya hakuacha.

Ilituchukua majuma mawili kupata ujasiri wa kwenda nyumbani kwake. Alitupokea vizuri, akatuandalia kiti kivulini. Tulipomwomba msamaha alitazama chini, akasema: “Padre, nilivuka mpaka nikiwa nimeshika kanga ya mama. Cheti nimekipata nikiwa na mvi. Maneno yale mimi nimeyazoea. Huyu mtoto bado.”

Tulirudi parokiani na neno hilo moja: bado. Mtoto aliyezaliwa Mpanda, aliyekuja na jezi ya buluu ya Stars, alijifunza usiku ule kwamba babu yake anaweza kuchekwa na Wakristo wenzake, na padre wake akiwa miongoni mwao. Asubuhi tulimlaumu Yona. Jioni tuliketi naye pembeni ya Ninawi.

Tulipomwita yule kijana alishangaa. “Ni utani tu, Padre.” Hakusema uongo. Nchi yetu imelelewa na utani. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana hata msibani. Mchaga na Mpare vivyo hivyo. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Utani umewafanya watu wa makabila mengi waishi pamoja bila kuogopana. Lakini tulimwuliza: mtani wako akikutania, wewe hufanyaje? “Namjibu.” Na mzee yule angekujibu nini? Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Utani ni wa watu walio sawa. Anayetaniwa leo hutania kesho, na wote wawili huondoka wakiwa ndugu. Neno ambalo mwenzako hawezi kulijibu, kwa kuwa akilijibu ataonekana mgeni zaidi, halijawa utani. Ni mlango unaofungwa huku watu wakicheka. Nasi watu wa Mpanda hatuna sababu ya kuufunga. Reli ililetwa huku kwa ajili ya madini ya risasi, ikaja na watu wa kila upande. Wasukuma walikuja na ng’ombe wao wakafanya makazi kati ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Tukianza kuulizana nani ni wa kuja, ukumbi utabaki na watu wachache sana.

Desemba 2025 Stars walikwenda tena fainali, safari hii nchini Morocco. Katika mechi ya kwanza tulifungwa 2-1 na Nigeria, na bao letu likafungwa na Charles M’Mombwa, kijana aliyelelewa Australia. Yule kijana wetu alitunong’oneza: “Umeona, Padre? Wa kuja ndio wametufungia.” Alikusudia mema, lakini hata hilo tulilikataa. Kama mtu ni wetu kwa sababu amefunga, akikosa penalti atakuwa wa nani? Mungu hakuwahurumia watu wa Ninawi kwa sababu walikuwa na faida kwa Israeli. Aliwahurumia kwa kuwa ni watu wake.

Tarehe 30 Desemba, siku ya mechi na Tunisia, kijana huyo alipanda bodaboda yake bila kutumwa na mtu, akaenda kumchukua mzee na mjukuu wake. Ukumbi uliwapisha. Mwalimu akampa mzee chaki, akasema, “Shikamoo mzee. Kikosi unakionaje?”

Mzee aliutazama ubao, akaitazama chaki, akasema: “Marahaba. Lakini Burundi bado hawajafuzu. Mimi nitasema nini?”

Mjukuu ndiye aliyeanza kucheka. Kisha tukacheka sote, na yule kijana akacheka mpaka akafuta machozi. Mzee alipomaliza kucheka, alimwondoa beki mmoja wa mwalimu na kumsogeza mbele.

Usiku ule sare ya 1-1 ilituvusha hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu, hata kama Morocco walitutoa siku chache baadaye. Tulishangilia sana. Lakini sisi tunaowaandikia tulikuwa tumekwisha kupata furaha yetu kabla mpira haujaanza.

Kitabu cha Yona kinaisha kwa swali la Mungu, na jibu la nabii halikuandikwa. Juma hili kila mmoja wetu alitafute jibu hilo katika jumuiya yake: ni nani huchekwa kati yetu na hana namna ya kujibu? Tukimpata, tumpe chaki.

Mungu awabariki nyote. Amina.

Paroko wenu